Kopo la Kijani Mezani kwa Mkwe

Kalipa alikuwa na kanuni moja katika kazi yake. Kitu chochote kinachouzwa kwa jina la afya, kiwe kidonge, unga au mzizi, hakukisifu wala kukikashifu kabla hajajua kilijaribiwa kwa watu gani, kikalinganishwa na nini, na nani aliyepima. Aliishika kanuni hiyo miaka yote aliyosimama nyuma ya meza ya duka la dawa pale sokoni kwetu. Aliivunja mara moja tu. Aliivunja kwa adabu, amejifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, mbele ya mkate na nyama, na sisi tuliokuwepo hatukuona kwamba kuna kitu kimevunjika.

Alizaliwa sehemu za juu za bonde letu la Talas, nchini Kirgizia, binti wa mchunga farasi wa shamba la ushirika. Alisomea dawa mjini Frunze, kabla mji haujaitwa Bishkek, akarudi nyumbani wakati wenzake wengi walibaki huko huko. Mumewe alikufa mapema kwa ajali kwenye barabara ya mlimani, akamwachia binti mmoja, Aijarkyn. Kalipa hakuolewa tena. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mtu akimwambia jambo la kipuuzi hakubisha. Alikuwa akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kwa muda huo mwenyewe umeshaanza kusikia upuuzi wako. Hata waliomzidi umri walimwita Dada Kalipa.

Dola kubwa ya Kisovieti ilipovunjika, hospitali zilikauka dawa, na penye ukame wa dawa huota makopo ya tiba. Yalikuja kutoka China, kutoka milima ya Altai, kutoka Bishkek, yenye picha za tai, za chemchemi na za wazee wanaocheka. Hayakuuzwa dukani. Yaliuzwa na shangazi, na wifi, na mwalimu mstaafu wa mtoto wako, watu ambao huwezi kuwafungia mlango. Kwa hiyo watu wa kwetu walinunua kwanza, ndipo wakaenda kwa Kalipa kuuliza wamenunua nini.

Namkumbuka Batma, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya kuchambua maharage ghalani, alivyoingia siku moja na chupa yake.

"Dada Kalipa, hebu niangalizie hiki. Shangazi kaniletea. Anasema kinasafisha ini, kinatoa chumvi kwenye magoti, na kinarudisha nywele."

"Na mume aliyetoroka hakimrudishi?"

"Huyo akae huko huko, dada. Nipe nywele tu."

Kalipa hakumjibu siku ile. Aliichukua chupa, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo muuzaji hayasomi kamwe, akamwambia arudi baada ya soko lijalo. Jioni alitafuta, kwenye simu na kwenye vitabu vyake vya Kirusi, na kwa kamusi pale Kirusi kilipokwisha. Alipenda kusema kwamba maandishi ya muuzaji si ushahidi, kwa kuwa hakuna mwenye farasi anayetangaza sokoni kwamba farasi wake anachechemea.

Batma aliporudi alikuta chupa yake katikati ya meza. Sote tulijua maana ya meza ile. Upande wa kulia Kalipa aliweka vitu vilivyojaribiwa vikaonekana vinafaa: chumvi yenye madini joto, ambayo iliondoa uvimbe wa shingo uliokuwa kwa bibi zetu; madini ya chuma kwa wajawazito wenye upungufu wa damu. Kushoto aliweka vilivyojaribiwa vikashindwa. Katikati alitupa vyote vilivyobaki, na katikati ndiko kulikojaa.

"Katikati maana yake hakifanyi kazi?" Batma akauliza.

"Maana yake hakuna anayejua. Mimi sijui, aliyekitengeneza hajui, na shangazi yako hajui."

"Lakini jirani yake shangazi kapona magoti!"

"Mtu mmoja si ushahidi, Batma. Magoti yake yalikuwa yanauma wakati wa kupalilia. Kupalilia kumekwisha. Sasa nani kamponya, chupa au mwezi wa Agosti?"

Batma akaitazama chupa kama mtu aliyedanganywa na ndugu. "Wewe dada, moyo wako ni mizani."

"Mizani haina ndugu," Kalipa akasema. "Ndiyo maana inaaminika."

Wakulima walimwelewa haraka kuliko wasomi wengi. Aliwaambia: ukimwaga mbolea shamba zima na maharage yakastawi, utasifu mbolea, kumbe ilikuwa mvua. Gawa shamba. Upande huu mbolea, upande ule hakuna, maji yale yale, jua lile lile. Ndivyo dawa inavyojaribiwa. Hawa wanapewa kidonge chenyewe, wale wanapewa kidonge kitupu kinachofanana nacho, na mpimaji mwenyewe haambiwi nani kapewa kipi, asije akapendelea. Mzee akisikia hivyo aliitikia kwa kichwa na kusema, "Hapo sawa." Na kopo lake lilibaki pale katikati.

Aijarkyn aliolewa upande wa chini wa bonde, kwenye nyumba ya Jumakadyr na mkewe Zuura. Ilikuwa ndoa nzuri. Kijana wao, dereva wa lori la maharage, alikuwa mpole na hanywi. Lakini kwetu binti haolewi na kijana peke yake. Tuna msemo kwamba mume wa binti ni wa miaka mia, bali wazazi wa mume ni wa miaka elfu. Mkwe huyo, mzazi wa mume, ukimkaribisha unamkalisha mahali pa juu, mbali na mlango. Ukienda kwake unakula kilichowekwa, unasifu kilichowekwa, na kama nyama imeungua unasema haijawahi kuiva vizuri namna hii. Mkwe hakosolewi. Hasa na mama wa binti, maana neno baya la mama humwagikia kwenye bakuli la binti anayeishi kule.

Jumakadyr alikuwa mtu mkubwa, uso mwekundu, mpenda farasi na mpenda mafuta ya mkia wa kondoo. Sauti yake ilisikika kabla hajapinda kona. Alikuwa na presha kali, na ni Kalipa aliyeigundua, siku ya kwanza alipokuja dukani kama mkwe mpya. Tangu hapo alimpa vidonge alivyoandikiwa na daktari, na kila alipokuja kuchukua vingine alimpima.

"Mkwe," Jumakadyr alikuwa akisema huku amenyoosha mkono, "unanitunza kama farasi wa mashindano. Angalia na meno basi."

"Meno ya farasi ninayajua. Wewe kula mafuta kidogo."

"Hilo sasa ni tusi kwa kondoo!"

Alivimeza vidonge vile bila kukosa, kwa sababu vilitoka mkononi mwa Kalipa. Hakuwa na sababu nyingine. Alikuwa akisema wazi kwamba hajui vina nini ndani, lakini anamjua mwenye kumpa.

Zuura alikuwa mchangamfu, mwepesi wa machozi na wa kicheko, na alikuwa na hofu moja. Kaka zake wote wawili walipata kiharusi wakafa kabla ya kuzeeka. Alimtazama mumewe akipanda ngazi akihema, akahesabu moyoni. Siku moja alialikwa kwenye mkutano katika ukumbi wa wilaya. Mtu aliyevaa tai aliwaonyesha picha za kulungu wakikimbia mlimani, akawaeleza kwamba ndani ya pembe changa za kulungu mna nguvu inayosafisha mishipa ya damu, na kwamba nguvu hiyo imo ndani ya kopo la kijani. Zuura alirudi nyumbani na kopo, akaanza kumpa mumewe, akameza naye. Kisha akaanza kuwauzia majirani. Watu wamesema mengi juu yake baadaye. Mimi nasema alilolifanya alilifanya kwa kumpenda mumewe, na ukweli huo haupunguzi kosa lake wala haupaswi kufichwa.

Mjukuu alipoanza kusimama dede, walifanya sherehe ya kumkata kamba. Mtoto hufungwa uzi miguuni, watoto wengine hukimbia mbio kutoka mbali, na anayefika kwanza huukata uzi ili mtoto atembee maishani bila kujikwaa. Jina lake Baisal. Jumakadyr alilia hadharani uzi ulipokatwa, akasema ni vumbi. Halafu tuliingia ndani tukaketi kuzunguka kitambaa cha chakula, Kalipa mahali pa juu kabisa, kama inavyostahili.

Nyama iliondolewa, chai ikaja. Zuura akaingia na kopo la kijani, akaliweka katikati ya kitambaa, kati ya mkate na jamu.

"Mzee Asanaly," akamwambia mkubwa wa ukoo, "tuombee dua. Kwa chakula hiki, kwa mjukuu, na kwa hiki kinachomtunza babu yake."

Mzee akainua viganja, sote tukainua. Akaombea amani, mvua, njia nyoofu kwa Baisal, na afya kwa kila kilichowekwa juu ya kitambaa. Tukasema amina, tukapangusa nyuso. Na sasa kopo lilikuwa limeombewa dua pamoja na mkate.

Zuura akafungua kifuniko. Akampitishia kila mtu kidonge kimoja kwenye kisahani cha jamu. Alipofika kwa Kalipa alisimama.

"Mkwe, hapa wewe ndiye mwenye elimu ya dawa. Wote wananisifia. Wewe sema. Kizuri au si kizuri?"

Jumakadyr, aliyekuwa ameegemea mto, akasema kwa kicheko, "Angalieni sasa! Atavua miwani!"

Watu wakacheka. Kalipa hakuvua miwani. Mlangoni alisimama Aijarkyn na birika mkononi, macho yake yamemwelekea mama yake, na macho yale yalikuwa yanasihi. Kalipa alikitazama kidonge. Hakukijua. Jibu lake la kweli lilikuwa fupi: sijui, nipe nisome, na kwa sasa mkwe asikimeze. Mahali pengine popote angelisema bila kupepesa. Lakini alikuwa mezani kwa mkwe, kwenye sherehe ya mjukuu, mbele ya kitu kilichoombewa dua. Akakichukua kidonge, akakimeza na chai.

"Kiwe shifaa," akasema.

Hivyo ndivyo tunavyosema mgonjwa akinywa supu, au mtu akipiga chafya. Hayo ni maneno ya heri, hayapimi kitu. Lakini aliyeyasema alikuwa Kalipa, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kutoa heri pale alipoulizwa ushahidi. Kabla chai haijapoa habari ilikuwa imezunguka kitambaa kizima: Kalipa kakila. Na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imezunguka bonde. Zuura aliuza makopo yote aliyokuwa nayo.

Kalipa aliondoka na kopo moja, zawadi ya mkwe. Aliposoma maandishi madogo aliona unga wa pembe za kulungu, mizizi miwili, na mengine ambayo hayakutajwa kwa jina. Akatafuta kama kawaida yake. Mchanganyiko ule hakuna mahali ulipojaribiwa kwa mizani, kwa hiyo ulikuwa wa katikati. Lakini pembe zenyewe alizikuta kwenye kitabu chake cha zamani cha dawa. Ziliandikiwa watu ambao presha yao imeshuka, na chini yake palikuwa na onyo kwamba wenye presha ya kupanda wasitumie.

Alimpigia simu binti yake jioni ile ile.

"Aijarkyn, baba mkwe wako anaendelea na vidonge vyangu?"

"Anaendelea, nadhani. Kwa nini?"

"Lile kopo halimfai. Huenda linamdhuru. Mwambie mama mkwe wako kwamba..."

"Mama!" Sauti ya Aijarkyn ikashuka. "Mimi? Nimwambie mimi? Ulikila mbele ya ukoo mzima. Kila anayeingia hapa anaambiwa mama yangu amekisifu. Leo niseme kibaya? Nitakaa vipi humu ndani?"

"Basi nitakuja kusema mwenyewe."

"Ukija sasa atadhani nimekuita. Ngoja maharage yavunwe, mama. Wakati huu wote wamechoka, wanagombana kwa kijiko tu. Maharage yakishaingia ndani, njoo kama unakuja kumwona Baisal, umwambie polepole, wewe na yeye tu."

Kalipa alikubali. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na sioni namna ya kulipamba. Kumeza kidonge kulimchukua nukta moja, na mtu anaweza kuteleza kwa nukta. Kungoja mavuno kulikuwa uamuzi. Alikwisha kujua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema kwamba mara nyingi anayelia si yule aliyeficha.

Kabla mavuno hayajaisha, Jumakadyr alikuja sokoni kununua magunia. Akamfunga farasi mbele ya duka la dawa, akaingia na harufu ya jasho na vumbi la maharage. Dukani kulikuwa na watu, na miongoni mwao dada yake Zuura, aliyekuja kununua dawa ya macho.

"Mkwe!" Jumakadyr akanguruma. "Nimekuja kukuaga. Vidonge vyako mimi basi."

Kalipa aliacha alichokuwa akikifunga. "Basi vipi?"

"Nimepona! Vile vyako vinanifanya niende haja ndogo kila saa, napura maharage huku nakimbilia kichakani kama mbuzi. Kopo la kijani halina adha hiyo. Na wewe mwenyewe ulikila. Nikasema, kama Kalipa anakila, mimi nani?"

"Tangu lini umeacha?"

"Tangu tulipoanza kuvuna. Niangalie! Si kijana?"

Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko kawaida. Dada yake Zuura alikuwa ametega sikio, tabasamu la ukwe limeganda mdomoni. Watu wote dukani walikuwa wakimtazama Kalipa.

"Usiviache vidonge vyangu, mkwe," akasema. "Meza hivi. Lile kopo, basi... ukitaka, liwepo. Lakini hivi usiviache. Leta mkono nikupime."

"Mbele za watu? Unataka sokoni waseme Jumakadyr anapimwa kama dume la kuuzwa?"

"Njoo huku nyuma, basi."

"Nikimaliza kupura nitakuja. Nitakuletea na gunia. Kiwe shifaa, si ndivyo ulivyosema?"

Akacheka, akachukua pakiti aliyosukumiwa kwa kuwa si adabu kuikataa, akaitia mfukoni. Kalipa alimfuata hadi mlangoni. Alimwona akipanda farasi. Alifungua mdomo, na dada yake Zuura akaja akasimama kando yake kumpungia shemeji mkono. Kalipa naye akapunga.

Jumakadyr alianguka kando ya mashine ya kupuria, siku za mwisho za kazi, alipoinama kuinua gunia. Waliokuwa karibu walidhani ameteleza juu ya maganda, wakamcheka, wakamwambia amka wewe, kijana wa kopo la kijani. Hakuamka. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Pakiti ya vidonge ilikutwa mfukoni mwa koti lake, haijafunguliwa.

Kalipa alifika hospitali ya wilaya na nguo za dukani. Aliuliza yale ambayo daktari huulizwa, na daktari alimjibu kama mtu wa kazi moja. Alisema kwamba mgonjwa wa presha kali akiacha dawa, hatari ya kiharusi inapanda, hilo limepimwa kwa watu wengi na halina ubishi. Kuhusu kopo, hakuweza kusema. Huenda lilichangia, huenda halikuchangia.

"Mtu mmoja si ushahidi," daktari akasema, bila kujua anamrudishia nani maneno yake.

"Najua," Kalipa akasema. "Hilo weka katikati."

Jumakadyr aliporudishwa nyumbani, watu walikuja kumjulia hali, wamejaa chumba kile kile cha sherehe. Alilazwa karibu na dirisha. Kalipa aliingia, akakataa mahali pa juu, akabaki amesimama karibu na mlango ambako wageni wadogo hukaa. Aijarkyn alielewa kabla mama yake hajasema neno, akainamisha kichwa.

"Nina neno, na nitalisema mbele ya wote, kwa sababu kosa nililifanya mbele ya wote," Kalipa akasema. "Siku ya sherehe mkwe wangu aliniuliza kama kopo lile ni zuri. Nilikuwa sijui, nikameza kidonge chake. Baadaye nikajua, nikanyamaza. Hakuna aliyelijaribu. Na kilicho ndani yake kina onyo kwa mwenye presha. Yeyote aliyeacha dawa zake kwa sababu mimi nilikila, arudie dawa zake leo. Binti yangu alitaka nije mwenyewe nimwambie mama mkwe wake. Kuchelewa ni kwangu."

Mzee Asanaly akakohoa. "Dada Kalipa, haya si maneno ya kusema kwenye nyumba yenye mgonjwa."

"Nilijiambia hivyo hivyo kuhusu nyumba yenye sherehe, mzee."

Zuura alikuwa amekaa miguuni kwa mumewe, anamsugua nyayo. Tulitegemea apige kelele. Alizungumza taratibu, na hakuinua macho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mezani kwako, mkwe. Ulikuwa umeniuliza mbele ya wageni. Sikutaka kukuaibisha."

"Nilikuuliza kwa sababu nilitaka kujua!" Hapo akainua uso. "Unadhani nilitaka kusifiwa? Wa kunisifu walikuwa wamejaa chumba kizima. Kila nikimpa kile kidonge moyo ulikuwa unanidunda. Nikasema, ngoja aje Kalipa. Kalipa hasifu bure. Kikiwa kibaya atasema, nitakitupa jalalani. Nilikungoja wewe. Ukasema kiwe shifaa!"

Kitandani Jumakadyr alitoa sauti, akawa anaitazama midomo ya mkewe, kisha ya Kalipa. Mtoto Baisal, ambaye sasa alikuwa anatembea, akashika ukingo wa kitanda akampigapiga babu yake mkono ule usiosikia.

Kalipa alirudi dukani. Watu walidhani ataacha kazi, hakuacha. Alilichukua kopo lake la kijani, zawadi ya mkwe, akaliweka upande wa kushoto wa meza, mahali pa vilivyoshindwa. Batma alimuuliza mbona hakuliweka katikati, na lenyewe halijajaribiwa. Kalipa alisema hakuliweka pale kwa ajili ya pembe za kulungu. Alisema aliyejaribiwa akashindwa ni mwingine, na kopo linamwakilisha. Tangu siku ile hakumeza wala kusifu kitu mezani kwa mtu yeyote, awe ndugu au mkubwa wa ukoo, na akiulizwa mbele ya mkate alijibu mbele ya mkate. Mialiko ikapungua. Wengine walisema elimu imemharibia adabu. Mimi naamini adabu inayomwacha mwenyeji ajidhuru ili mgeni aonekane mwema haistahili jina hilo, na wazazi wetu waliotufundisha kumheshimu mkwe hawakukusudia tumheshimu mpaka aanguke.

Zuura hakukata ukwe. Aijarkyn hakufukuzwa wala hakutukanwa. Kila siku alimlisha baba mkwe wake kwa kijiko. Lakini Zuura hakuja tena nyumbani kwa Kalipa, na Kalipa alipokwenda kule alikaribishwa, akakalishwa mahali pa juu, akamiminiwa chai, na hakuulizwa tena swali lolote.

Jumakadyr aliishi miaka kadhaa. Mkono wake wa kulia haukufunga tena hatamu, farasi wake waliuzwa, na hakulitamka tena jina la mjukuu wake.